Safari ya Ngũgĩ: kutoka Harry Thuku Road hadi Kamĩrĩĩthũ

Safari hii ya kufuata nyayo za mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o huanzwa Alhamisi ili Jumapili ikukute Kamĩrĩĩthũ, kijiji cha Limuru. Wageni wengi hukimbilia gereza la Kamĩtĩ kwanza, kwa kuwa kisa cha mfungwa aliyeandika riwaya kwenye karatasi za chooni kinajulikana hata na wasiowahi kufungua kitabu chake. Ukianzia huko utajua kwamba Ngũgĩ wa Thiong'o alifungwa, ila kilichomfungisha hutakijua. Mnamo Julai 1977 riwaya yake ya Kiingereza iliyowaanika matajiri wapya wa Kenya huru ilizinduliwa Nairobi, na Waziri wa Fedha, Mwai Kibaki, akahudhuria. Kabla mwaka kwisha, mwandishi huyohuyo alikuwa kizuizini. Kati ya tarehe hizo mbili pana kijiji kimoja, lugha moja na uwanja usio na paa. Njia hii imepangwa kukufikisha hapo ukiwa tayari.

Beba kitambulisho, maana lango la Chuo Kikuu cha Nairobi halikupitishi bila hicho. Beba sweta na koti la mvua hata jua la Nairobi likiwaka: Limuru iko juu, karibu mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na Julai ukungu huko hukaa hadi saa nne asubuhi. Vitabu viwili vinatosha mkobani, A Grain of Wheat na Shetani Msalabani. Vingine visomwe kabla ya kuondoka.

Alhamisi: mjini, kwa miguu

Anzia Kenya National Theatre, Harry Thuku Road, saa tatu asubuhi. Simama mlangoni ukiangalia ng'ambo ya barabara. Hoteli ya Norfolk iko pale, Chuo Kikuu cha Nairobi kiko ubavuni, na kituo kikuu cha polisi hakiko mbali. Machi 16, 1922 umati ulikusanyika kudai Harry Thuku, mpinzani wa ukoloni aliyekamatwa, aachiliwe, polisi wakafyatua risasi na kuua watu zaidi ya 20. Walowezi waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk walisemwa kuwa nao walifyatua zao.

Jumba la maonyesho lilifunguliwa 1952, mwaka uleule mkoloni alipotangaza Hali ya Hatari dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau, na kwa miaka mingi baada ya uhuru ratiba yake iliendelea kujaa michezo ya Kizungu. Oktoba 1976 tamthilia mbili za Kenya zilizokuwa zikijiandaa kwenda FESTAC, tamasha la sanaa za Waafrika, Lagos, zilitafuta nafasi hapo: ya Francis Imbuga, na ile ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, waliyoiandika Ngũgĩ na Mĩcere Gĩthae Mũgo, ambayo kwa Kiswahili inaitwa Mzalendo Kimathi. Zilipewa usiku chache tu, zikibanwa na maonyesho kutoka nje. Ukumbi ulijaa. Hapo Ngũgĩ alipata somo la kwanza: mwenye jengo na mwenye ratiba ndiye mwenye kauli, hata kama tamthilia ni yako.

Ingia chuoni. Lango la Harry Thuku Road huuliza kitambulisho na mahali unakokwenda, kwa hiyo sema Idara ya Fasihi. Jina hilo la idara nalo lilipiganiwa. Oktoba 1968 Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na pawe na idara inayoweka Afrika katikati: fasihi simulizi, Kiswahili, fasihi za Karibi na za Waafrika wa Marekani, na Uingereza iwe upande mmoja kati ya nyingi. Wengi husimulia kana kwamba watatu hao walitaka Shakespeare atupwe. Soma waraka wenyewe, utaona hoja yao ilikuwa mpangilio, yaani mwanafunzi aanzie wapi na aelekee wapi. Mwaka uliofuata Ngũgĩ alijiuzulu baada ya mwanasiasa wa upinzani Jaramogi Oginga Odinga kuzuiwa kuhutubia wanafunzi na chuo kufungwa. Alirudi baadaye, na katika miaka ya 70 akaiongoza idara hiyo.

Kutoka hapo tembea dakika 15 hadi 20 mpaka Kimathi Street. Sanamu ya Dedan Kimathi ilizinduliwa Februari 18, 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe. Aliyeizindua ni Kibaki, safari hiyo akiwa rais. Kutoka uzinduzi mmoja hadi mwingine ni miaka 30, na katikati yake mwandishi alifungwa, akahama nchi, akashambuliwa. Marufuku ya Mau Mau, iliyowekwa na mkoloni, iliondolewa 2003 tu. Kabla ya hapo, kumwandika Kimathi kama shujaa kulikuwa kusifu kikundi haramu kisheria, ndani ya taifa lililosema limezaliwa kwa jasho lake.

Mchana upeleke Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue. Pana ada ndogo ya kujiandikisha. Omba magazeti ya Oktoba 1977 hadi Januari 1978, na uombe mapema, kwani maombi ya alasiri huenda yakaletwa kesho yake.

Ijumaa: Kikuyu

Matatu ya 105, kama kilomita 20. Vituo vya katikati ya jiji vimehamishwa mara kadhaa, kwa hiyo usitegemee ramani ya zamani, uliza makanga. Ondoka baada ya saa tatu, wakati foleni inaelekea mjini na wewe unatoka.

Alliance High School, iliyoanzishwa 1926 na muungano wa misheni za Kiprotestanti, haipokei wageni wa ghafla muhula ukiendelea. Andika barua kwa mkuu wa shule wiki mbili kabla. Usipojibiwa, tembelea kanisa la Church of the Torch, Thogoto, kisha stesheni ya Kikuyu, ambayo kwa safari hii ina uzito kuliko madarasa.

James Ngugi, kama alivyoitwa wakati huo, alizaliwa Januari 5, 1938 na kuingia Alliance Januari 1955. Kutoka Limuru hadi Kikuyu ni mwendo mfupi wa treni, lakini Wagĩkũyũ, Waembu na Wameru hawakuruhusiwa kusafiri bila kibali, na yeye hakuwa nacho. Wenzake walipanda behewa la abiria. Yeye alifika kwa treni ya mizigo. Likizo ya kwanza alirudi nyumbani akakuta boma lao halipo, limebomolewa, watu wamehamishiwa kijiji kipya kilichopangwa kwa mistari chini ya macho ya homugadi, yaani wanamgambo wenyeji wa mkoloni.

Kaka yake mmoja, Wallace, alikuwa msituni na Mau Mau. Mwingine, Gĩtogo, alikuwa kiziwi. Askari wa mkoloni walimwamuru asimame, hakusikia, wakampiga risasi. Mama yao, Wanjikũ, alishikwa na kuhojiwa kwa sababu ya mwana wa msituni. Ndani ya lango la Alliance, mkuu wa shule Edward Carey Francis alifundisha nidhamu, hisabati na utii kwa Dola. Atakayesoma A Grain of Wheat asitafute shujaa safi: anayeombwa kuhutubia siku ya uhuru, Mugo, ndiye aliyemsaliti Kihika. Mtu aliyekua na kaka msituni, na majirani kwenye boma la homugadi, asingeweza kuandika kwamba wabaya wote walikuwa Wazungu.

Makerere, 1959 hadi 1963, haimo katika njia hii. Ijulikane tu kwamba Juni 1962, kwenye mkutano wa waandishi wa Afrika uliofanyika huko, kijana huyo alimpa Chinua Achebe muswada, na riwaya yake ya kwanza ikatoka 1964. Mkutano huo ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyefariki Tanga siku chache baadaye mwezi huohuo, hakuwa miongoni mwa walioalikwa, na Ngũgĩ mwenyewe aliigeuza hoja hiyo kuwa shtaka miaka 24 baadaye.

Jumamosi: Limuru mjini

Kama kilomita 30 kutoka Nairobi. Siku nyepesi. Tembelea stesheni ya zamani, ambako miaka ya utoto wake vijana walivaa nguo za Jumapili na kwenda kuangalia treni ya abiria ikipita. Jukwaa hilo ndilo lililoingia katika A Grain of Wheat likiitwa la Rung'ei. Pita kiwanda cha viatu cha Bata. Angalia mashamba ya chai kuelekea Tigoni, kisha ugeuke uangalie vishamba vya wenyeji upande wa pili wa barabara. Njoo mvua za masika zikiisha, uione Manguo: bonde hujaa maji, likawa ziwa kando ya barabara kuu ya Nakuru, ndege tele. Hapo jirani alisoma shule ya Karĩng'a, mojawapo ya zile za Wagĩkũyũ waliojitenga na misheni, baada ya kuanzia Kamandũra kwa wamisheni.

Tahadhari moja. Usipoteze saa ukitafuta Ilmorog ya riwaya zake. Hakuna. Vivyo hivyo Thabai. Na Makuyu ya riwaya si ile ya Murang'a. Ngũgĩ aliazima udongo wa hapa akajenga vijiji vyake.

Jumapili: Kamĩrĩĩthũ

Kutoka mjini Limuru ni mwendo wa miguu au bodaboda ya dakika chache. Fika mchana, baada ya ibada. Maonyesho yalikuwa ya wikendi, kwa sababu waigizaji walikuwa wafanyakazi: wa kiwanda cha viatu, wa mashamba ya chai, wakulima wadogo, wasio na kazi. Ukifika Jumanne utaona kijiji kitupu na hutaelewa jinsi watu walivyopatikana.

Kijiji chenyewe ni zao la Hali ya Hatari. Walioswagwa hapa mwaka wa 1955 wengi hawakurudi kwenye ardhi yao, kwa sababu mipaka ilichorwa upya na hatimiliki zikatolewa wakati wengine wako kizuizini au msituni. Mkoloni alipowabana pamoja ili awachunge, alikusanya bila kujua hadhira ya tamthilia ya miaka 22 baadaye. Watu wasio na shamba la kutosha, wanaolipwa kwa wiki, wanaoishi mlango kwa mlango, na wote wana jambo la kusema juu ya ardhi.

Mwaka wa 1976 mwanamke mmoja wa kijiji alikwenda nyumbani kwa Ngũgĩ akamtaka aje afanye kazi nao. Alikwenda tena na tena. Kituo cha vijana kilikuwa na ekari nne na kibanda cha udongo cha vyumba vinne, kinachoanguka, kilichotumika kwa ngumbaru. Kilichobaki kilikuwa nyasi. Ngũgĩ wa Mĩriĩ alisimamia kisomo, Kĩmani Gecaũ alielekeza uigizaji. Rasimu ya tamthilia ya Ngũgĩ hao wawili, Ngaahika Ndeenda (Nitaolewa Nikipenda), ilikuwa tayari kufikia Aprili 1977, na hapo ndipo ilipoanza kuandikwa upya. Mazoezi yalikuwa wazi. Kila aliyepita aliweza kusimama na kukosoa: mzee haongei hivyo na mgeni wake, wimbo huo haukuimbwa hivyo msituni, kazi ya kiwandani haifanywi kwa mkono huo. Waandishi wawili kutoka chuo kikuu walisahihishwa Kigĩkũyũ chao na watu waliokuwa wakijifunza kuandika majina yao. Anayetaka kujaribu jambo kama hili leo ashike hilo: script haikushushwa kutoka chuoni ikiwa imekamilika, na ndiyo maana watu waliona ni yao.

Jukwaa lilijengwa na wanakijiji wenyewe. Lilikuwa la nusu duara, limeinuliwa, likiwa na ukuta wa mianzi nyuma yake, na nyuma ya ukuta nyumba ndogo ya vyumba vitatu vya kubadilishia nguo na kuwekea vitu. Mabao marefu ya kukalia yalipangwa kama ngazi, yakaendelea moja kwa moja kutoka jukwaani, hivi kwamba mwigizaji aliweza kutoka au kuingia kupitia katikati ya watu. Uwanja ulichukua zaidi ya watu 2,000. Paa halikuwepo, mvua ikinyesha mchezo ulisimama, ikipita uliendelea.

Hadithi ya tamthilia ni ndogo. Kĩgũũnda ni kibarua mwenye ekari moja na nusu, na hatimiliki yake ameitundika ukutani. Tajiri anayemwajiri, Ahab Kĩoi wa Kanoru, anamtembelea na mkewe. Kĩgũũnda na Wangeci wanadhani posa ya binti yao Gathoni imeletwa. Kumbe wanatakiwa wafunge ndoa ya kanisani, na gharama za arusi hiyo zinamlazimisha Kĩgũũnda kuweka rehani hatimiliki ileile. Mwisho wake ardhi inakwenda, na inajengwa kiwanda. Hadhira haikuhitaji kufafanuliwa kiwanda gani.

Mchezo ulifunguliwa Oktoba 2, 1977. Magari yalikodiwa kuleta watu kutoka wilaya nyingine. Novemba 16 mkuu wa wilaya ya Kiambu aliondoa leseni. Usiku wa kuamkia Desemba 31 polisi walifika nyumbani kwa Ngũgĩ wakapekua vitabu, wakaondoka naye. Amri ya kumzuia ilikuwa na sahihi ya Makamu wa Rais na Waziri wa Mambo ya Ndani, Daniel arap Moi.

Baada ya Ngũgĩ kutoka kizuizini, kundi lilijaribu tena. Tamthilia ya Maitũ Njugĩra ilikuwa na nyimbo za makabila mengi, habari za ukoloni miaka ya 30, na ilipangiwa Kenya National Theatre, Februari 1982. Waigizaji walikuta mlango umefungwa. Wakahamia ukumbi wa chuo kikuu ulio jirani, wakafanya "mazoezi" ambayo maelfu walikuja kuyatazama, kisha nayo yakazuiwa. Machi 12, 1982 malori matatu ya polisi yalikuja Kamĩrĩĩthũ, na uwanja ukabomolewa hadi chini.

Kwa hiyo hutaona jukwaa. Mahali pake pana chuo cha ufundi cha vijana. Omba ruhusa kwa mlinzi kabla ya kupiga picha, na usikusanye wazee ukiwahoji kama shahidi mahakamani. Wamehojiwa na watafiti tangu miaka ya 80 na baadhi wamechoka. Ukipata anayetaka kuzungumza, uliza juu ya nyimbo. Hapo ndipo maongezi hufunguka.

Neno moja kwa wanaotaka kuihamisha Kamĩrĩĩthũ nzimanzima. Iliwezekana kwa Kigĩkũyũ kwa sababu kijiji kizima kilizungumza Kigĩkũyũ. Katika mitaa ya Nairobi kama Kariokor au Mathare hadhira hiyo haipo. Hapo lugha inayobeba mchezo ni Kiswahili. Alamin Mazrui aliandika Kilio cha Haki kwa Kiswahili, habari za wafanyakazi wa shamba, na mwaka wa 1982 naye akawekwa kizuizini. Serikali ilielewa vizuri kuwa hatari yenyewe ilikuwa lugha yoyote inayosikika na mfanyakazi. Watetezi wa Ngũgĩ mara nyingi huieleza hoja yake kana kwamba ni ya lugha ya mama peke yake, ilhali yeye mwenyewe baadaye alikipendekeza Kiswahili kama lugha ya dunia.

Jumatatu: Kamĩtĩ

Matatu ya 44 hadi Kahawa West, kisha mbele kidogo. Usipige picha ya lango, ya ukuta wala ya askari. Ni eneo la ulinzi na simu yako itachukuliwa. Pita, tazama, rudi. Nusu siku inatosha.

Ngũgĩ alikuwa nambari K6,77. Waliokuwa kizuizini naye ni pamoja na Wasonga Sijeyo, aliyeingia 1969, na Koigi wa Wamwere. Alinyimwa matibabu ya jino kwa sababu alikataa kufungwa minyororo ili apelekwe hospitali. Karatasi za chooni za gereza zilikuwa ngumu, za kukwaruza, mwili ukaumia lakini wino haukusambaa. Kalamu ilipatikana kwa kisingizio cha kuandika maelezo ya rufaa. Muswada ulinaswa katika msako wa ghafla, ukakaa kwa wakubwa, ukarudishwa bila kuonekana kosa ndani yake. Ndiyo Caitaani Mũtharaba-inĩ, kwa Kiswahili Shetani Msalabani: Warĩĩnga, aliyefukuzwa kazi na nyumba, anapanda matatu ya Mwaũra usiku kwenda Ilmorog, ambako wezi wa kienyeji na wa kimataifa wanashindana nani stadi zaidi.

Msomaji wa Kiswahili hapaswi kuondoka hapa bila kumkumbuka Abdilatif Abdalla. Alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa kijikaratasi kilichouliza Kenya inaelekea wapi. Alipitia Kamĩtĩ kabla ya Ngũgĩ na alikuwa ameshaandika mashairi ya Sauti ya Dhiki kwa siri, naye pia kwenye karatasi za chooni. Hadithi ya karatasi hizo, basi, ilianza kwa Kiswahili.

Kenyatta alifariki Agosti 22, 1978. Desemba 12 Moi, sasa rais, aliwaachilia wote waliokuwa kizuizini. Chuo kikuu hakikumrudishia Ngũgĩ kazi.

Jumanne: mjini tena, vitabu

Maduka ya vitabu kwanza, kisha wauzaji wa vitabu kuukuu wa katikati ya jiji. Caitaani ilitoka 1980 kwa nakala 5,000. Ndani ya mwezi ikachapishwa tena, na kabla ya mwaka kwisha zilikuwa 15,000. Ilisomwa kwa sauti nyumbani, kwenye mapumziko ya chakula viwandani, na baani, ambako msomaji alisimama pale patamu mpaka glasi yake ijazwe. Kwa Kigĩkũyũ, kipindi ambacho wachapishaji waliamini hakuna soko. Mhariri aliyethubutu, Henry Chakava, alishambuliwa kwa ajili hiyo.

Juni 1982 Ngũgĩ alikuwa London kwa uzinduzi wa tafsiri ya Kiingereza ya riwaya hiyo, akaonywa asirudi. Mapema 1987 makachero walisikia watu vijijini wakimzungumzia Matigari anayezunguka nchini akiuliza ukweli na haki viko wapi. Ikatolewa amri akamatwe. Walipogundua ni mhusika wa riwaya ya Ngũgĩ, walikwenda madukani wakazoa vitabu. Alirudi Agosti 2004 pamoja na mkewe Njeeri, na usiku mmoja wakavamiwa katika nyumba waliyofikia, karibu kabisa na mahali safari hii ilipoanzia Alhamisi. Wote wawili waliumizwa vibaya. Alifariki Georgia, Marekani, Mei 28, 2025.

Unaponunua A Grain of Wheat angalia ukurasa wa hakimiliki: mwandishi aliirekebisha 1986, na nakala kuukuu nyingi ni za toleo la 1967. Shetani Msalabani ya 1982 ni adimu. Ukiipata kwa muuzaji wa barabarani, hesabu kurasa kabla ya kulipa. Jalada la gundi la miaka hiyo huachia karatasi za mwisho. Nitaolewa Nikipenda, tafsiri ya mchezo wa Kamĩrĩĩthũ, ni nyembamba na husomwa kwa jioni moja, ila isome kwa sauti, na watu wawili au watatu wakishika sehemu zao.